Mchanga wa Loire

Jumatatu, 21 Julai

Kesho naanza tena field, mazoezi ya kufundisha. Miaka hamsini na miwili, mvi kichwani, miaka ishirini na miwili ya kufundisha Jiografia kule Bukoba, halafu naenda field kama kijana wa mwaka wa pili aliyenunuliwa suruali na mama yake. Koku, mke wangu, alicheka mpaka akakaa chini aliponikuta najaribu tai mbele ya kioo. "Mwalimu Fidelis," akasema, "tafadhali usiwahutubie watoto wa watu."

Anacheka kwa sababu yeye ni nesi na alipata kazi yake miezi mitano tu baada ya sisi kutua Sydney. Mimi huu ni mwaka wa nne napanga maboksi ghalani na kusoma chuo pale Parramatta, ili wanikubali kuwa kile nilichokuwa tayari. Muhula wa kwanza walinifelisha. Ripoti ilisema natoa hotuba, sifundishi. Nikifeli na mara hii, chuo hakitoi nafasi ya tatu, na maboksi yatakuwa ndiyo kazi yangu mpaka nizeeke. Nimenunua daftari hili nijiandike mwenyewe kila siku kabla wengine hawajaniandika.

Jumanne, 22 Julai

Shule iko dakika kumi kwa miguu kutoka stesheni ya St Marys. Mwalimu anayenisimamia anaitwa Ronnie. Ana miaka thelathini na minne na anafundisha amevaa kaptula, tena wakati wa baridi. Nilipomwita "Mwalimu" akasema, "Ronnie tu." Siwezi, jamani. Tumekubaliana katikati: namwita Mwalimu Ronnie, naye anaitika kwa shingo upande.

Darasa langu ni la mwaka wa tisa na mada ni mto mmoja mkubwa na maisha ya watu wake. Nikajua ni Nile, moyo ukafurahi, maana nimezaliwa karibu na Kagera na maji yote ya Kagera mwisho wake ni Nile. Ronnie akasema Nile wameifundisha miaka sita, wamechoka nayo. Mwaka huu ni Loire ya Ufaransa, ili somo liende pamoja na kipindi cha Kifaransa. Loire! Mto niliowahi kuutaja mara moja tu maishani, kwenye mtihani.

Jumatano, 23 Julai

Mvua. Nimesoma habari za Loire mpaka macho yakauma.

Ijumaa, 25 Julai

Lazima nikiri, ni mto wa maana. Una urefu wa zaidi kidogo ya kilomita elfu moja, mrefu kuliko mito yote ya Ufaransa. Chemchemi zake ziko chini ya kilima kinachoitwa Gerbier-de-Jonc, upande wa kusini, si mbali sana na Bahari ya Mediterania. Mto wowote wenye akili ungeshukia huko. Huu unapanda kaskazini kana kwamba unakwenda Paris, ukifika Orléans unaghairi, unageuka magharibi na kwenda kumwaga maji Atlantiki. Katikati ya njia ndiko wafalme wao walikojenga majumba yao ya mawe meupe, moja baada ya jingine, Blois, Amboise na kwingineko. Wafaransa husema Kifaransa safi kabisa ni cha pande hizo za Tours. Kumbe kila nchi ina Unguja yake.

Zamani mashua zilibeba divai, chumvi na mawe, zikipanda kwa upepo wa baharini na kushuka na mkondo. Reli ilipokuja, mashua zikafa. Umebaki mto mpana wenye visiwa na mchanga mwingi, ambao kiangazi unakauka nusu na masika unaweza kumeza mji. Mwaka 1856 ulivunja kingo zake za udongo mahali pengi. Wenyewe wanauita mto wa mwisho wa mwituni, ingawa mabwawa mawili matatu yapo na vituo vinne vya umeme wa nyuklia vinakunywa maji yake.

Jumatatu, 28 Julai

Nimechora Loire ubaoni kwa mkono mmoja bila kuangalia karatasi, kutoka chemchemi hadi bahari, na vijito vyake vyote vikubwa. Bukoba darasa zima lingepiga makofi. Hapa kijana mmoja ameuliza kwa nini nisioneshe tu picha ya setilaiti. Nikamtazama. Ronnie akaandika kitu.

Alhamisi, 31 Julai

Leo mambo yamekwenda vizuri, na nitayaandika yote.

Tulikuwa kwenye kiangazi cha Loire. Nikaonesha picha: mto umepungua, mchanga mweupe umejitokeza katikati, ndege wamekaa. Hope Nduwimana akanyoosha mkono. Ni binti wa Warundi, anakaa mbele upande wa dirishani, na baba yake, Égide, tunasali naye parokia moja. Kanisani ananiita Mwalimu na darasani ananiita Sir. Akauliza, "Sir, watu wanaogelea humo?"

Nilikuwa sijui. Sikuwahi hata kuliwaza hilo swali. Lakini chuo cha ualimu, kabla hawajatufundisha kitu kingine chochote, mkufunzi wetu alitufundisha hili: mwalimu hasemi "sijui" mbele ya darasa. Ukilisema mara moja, darasa limekwisha, hawatakusikiliza tena mpaka wanamaliza shule. Kwa kawaida tunasema, "Swali zuri, kalifanyieni kazi nyumbani." Ila Ronnie alikuwa nyuma na kalamu yake, na muhula wa kwanza waliandika kwamba nakwepa maswali ya wanafunzi.

Basi nikajibu. Nikasema ndiyo, bila shaka, kiangazi maji yanafika magotini tu, mchanga ni kama wa ufukweni, watoto wanashinda humo kutwa nzima. Nililisema vizuri sana, na mkono mmoja mfukoni. Hope akatabasamu na kuandika kwenye daftari lake.

Baada ya kipindi Ronnie amenipa maoni yake. Sentensi ya kwanza: "Anajibu maswali ya papo kwa papo kwa kujiamini. Hatua kubwa." Ndiyo sifa ya kwanza niliyopewa na mwalimu wa nchi hii kwa miaka minne. Nimemsomea Koku mara mbili.

Jumamosi, 2 Agosti

Ghalani. Mvua kutwa.

Jumanne, 5 Agosti

Nilikuwa naandaa kipindi cha mchanga: unatoka wapi, unahamaje. Nikakuta maelezo ya halmashauri moja ya huko, kwa Kiingereza, kwa ajili ya watalii. Kuogelea kwenye Loire kumepigwa marufuku karibu kila mahali. Mchanga unaonekana mgumu kwa juu, lakini maji yameshaula kwa chini, na ukiukanyaga ukingoni unaporomoka nawe. Pembeni ya maji ya magotini kuna shimo la mita tatu au nne na mkondo unaozunguka. Kila kiangazi watu wanakufa, wengi wao ni wageni walioona mchanga mweupe na maji yaliyotulia.

Nikafunga kompyuta. Halafu nikajituliza. Ni watoto wa St Marys, nani kati yao atafika Loire?

Jumatano, 6 Agosti

Nimemwambia Koku asubuhi alipotoka shifti, anakunywa chai bado na viatu vya kazini. Hakunigombeza. Amesema, "Sisi tukimpa mgonjwa dawa isiyo yake tunaandika saa ileile, tunamwita daktari, tunamwambia mgonjwa. Hatukai kungoja tuone kama itamdhuru."

Nikamwambia darasa si wodi.

"Haya," akasema, akaenda kulala.

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya misa, Égide amenikumbatia mlangoni mbele ya watu. Anafanya kazi kwenye bohari moja huko Villawood, mtu mkubwa, mcheshi, Kiswahili chake cha Bujumbura kimejaa Kifaransa.

"Mwalimu! Weye ndiye umeniokoa nyumbani!"

"Nimekuokoa na nini?"

"Mama Hope! Alikuwa anakataa kabisa. Tunaenda ndoa ya binti ya dada yangu, anakaa pale pembeni ya Loire, kati ya Blois na Tours, maji iko hapa, nyumba iko hapa. Hope anataka kuogelea na watoto ya shangazi yake. Mama yake anasema non, fleuve siyo piscine, mto siyo bwawa ya kuogelea. Nikamwambia, bon, mtoto ameuliza Mwalimu, na Mwalimu amesema. Ikaisha!"

"Mnasafiri lini?"

"Tarehe ishirini na tisa. Wenzangu watafanya shifti zangu."

Pale pale ndipo nilipaswa kusema. Watu walikuwa wanapita wakinisalimia, Shikamoo Mwalimu, Habari za asubuhi Mwalimu, na huyu bwana mkono wake uko begani kwangu. Nikacheka naye. Nikasema, "Msalimie sana mama Hope."

Nimefika nyumbani nikashindwa kula. Koku aliuliza nina nini, nikasema ni gesi.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimepata njia. Nitawagawia karatasi ya marudio yenye mambo manane kuhusu Loire, na la sita litahusu usalama. Atasoma na kuelewa, na hakuna atakayeaibika.

Jumanne, 12 Agosti

Nimegawa karatasi. Jambo la sita: "Kuogelea katika Loire kunahitaji tahadhari." Tahadhari! Nimelitazama hilo neno kwenye karatasi nikajiona ninavyouma na kupuliza. Hakuna aliyeuliza. Hope hakuwepo, ana mafua. Karatasi yake imebaki mezani kwangu.

Alhamisi, 14 Agosti

Hope hajarudi bado. Upepo wa magharibi umevuma kutwa, umeng'oa bango la duka la simu karibu na stesheni.

Jumapili, 17 Agosti

Nimekwenda kusali Parramatta. Nilimwambia Koku nataka kusikia kwaya ya kule. Alinitazama tu. Ukweli ni kwamba namkimbia Égide. Mtu mzima mimi, napanda treni Jumapili asubuhi kumkimbia mwanaume mwenzangu ambaye hajanikosea kitu.

Jumatano, 20 Agosti

Kipindi bora kuliko vyote tangu nianze. Tulifika Nantes, karibu na mdomo wa mto. Nikawaambia majumba mazuri ya mji ule yalijengwa na nani: hakuna bandari ya Ufaransa iliyotuma meli nyingi za watumwa kuliko hiyo. Sikuhutubia. Niliwapa ramani mbili, ya mto na ya njia za meli, nikawaacha waunganishe wenyewe. Kijana yule wa setilaiti ndiye aliyeunganisha kwanza. Akasema, "Kwa hiyo hii divai na zile meli za watumwa vilipita mlango mmoja." Ronnie aliacha kuandika.

Hope amerudi. Baada ya kengele amebaki kidogo, akaniambia mama yake amemnunulia miwani ya kuogelea. Nikamsemesha kwa Kiswahili kama ninavyofanya tukiwa wawili, "Hope, kuhusu kuogelea kule..." Ronnie akaingia kuchukua kompyuta yake. Nikasema, "Tutaongea kesho." Hope akanijibu kwa Kiingereza kuwa sawa, akakimbia kuwahi basi.

Ningeweza kumwambia palepale, Ronnie au si Ronnie. Nimeandika ili nisijidanganye hapa pia.

Alhamisi, 21 Agosti

Mvua kubwa. Nusu ya darasa hawakufika, Hope akiwemo. Bado wiki nzima mpaka tarehe ishirini na tisa.

Jumatatu, 25 Agosti

Kiti cha Hope kitupu. Nikamuuliza Ronnie kama mafua yamemrudia. Akasema hapana, wamesafiri Jumamosi. Likizo ya baba yake kazini ilisogezwa mbele, shule imepewa taarifa Ijumaa.

Sikumbuki nimefundisha nini kipindi cha pili.

Saa ya chakula nimesimama kwenye maegesho, mvua inaninyeshea, nampigia Égide. Haipatikani. Nimepiga mara sita. Namba ya mama Hope sina, na nikaona haya kuiomba ofisini, maana wangeuliza kwa nini. Hata saa hiyo bado nilikuwa naona haya! Nikarekodi ujumbe wa sauti: "Égide ndugu yangu, natumaini mmefika salama, wasalimie wote. Kitu kidogo tu, watoto wawe waangalifu na maji ya huko, mito ya wenzetu huwezi kujua. Mungu awabariki."

Jioni nimemsikilizisha Koku. Alikuwa anamenya ndizi. Ameacha kisu.

"Hapo umesema nini?"

"Nimemwambia wawe waangalifu."

"Kila mtu duniani huwaambia watoto wawe waangalifu. Mimi ningesikia huo ujumbe ningesema amina na kuendelea na safari yangu. Fidelis, yule mama alikataa. Mama yake alijua! Umemnyamazisha mama wa mtu kwa jina la Mwalimu."

Miaka ishirini na sita ya ndoa, hajawahi kunipandishia sauti namna hiyo. Nilitaka kukasirika nikakosa pa kuanzia.

Nikarekodi tena, yeye amekaa mbele yangu. Nimeunakili hapa neno kwa neno: "Égide, ni Fidelis. Nisikilize vizuri. Hope aliniuliza kama watu wanaogelea Loire nikasema ndiyo. Sikuwa najua. Nilidanganya. Ni hatari na imekatazwa, mchanga unaporomoka na watu wanakufa. Mama Hope alisema kweli. Nimelijua hili tangu tarehe tano na sikukuambia, hata pale kanisani sikukuambia, niliogopa aibu. Usimruhusu kuingia majini. Ukiusikia huu ujumbe niambie tu kwamba umeusikia."

Tiki moja.

Jumanne, 26 Agosti

Tiki moja bado, ujumbe haujamfikia. Nimeomba namba ya mama Hope ofisini na wakauliza kwa nini, nikawaambia. Yule dada alinitazama akaandika namba haraka haraka. Haipatikani nayo. Labda wamenunua laini za huko. Nimempigia paroko, hana namba ya shangazi. Nimetafuta hali ya hewa ya Tours kwenye simu: nyuzi thelathini na moja, jua kali.

Jumatano, 27 Agosti

Tiki moja. Siwezi kuandika.

Alhamisi, 28 Agosti

Leo ndiyo ilikuwa tathmini ya mwisho. Kipindi kilichoamua kila kitu. Nilikuwa nimekiandaa wiki mbili: kingo za Loire, mafuriko, kwa nini watu wanazidi kujenga bondeni. Asubuhi simu ilikuwa bado na tiki moja.

Nimeingia darasani, Ronnie yuko nyuma na fomu yake. Badala ya kuwasha projekta nimesimama mbele nikawaambia. Kwamba tarehe thelathini na moja Julai Hope aliniuliza swali, nikajibu uongo. Kwamba sikuwa najua jibu na sikutaka wajue kuwa sijui. Nikawaonesha maelezo ya halmashauri, picha za mabango ya marufuku, mchoro wa mchanga ulioliwa kwa chini.

Binti mmoja akauliza, "Hope anajua?"

Nikasema, "Sina hakika. Nimemtumia baba yake ujumbe. Hajausikia."

Wakaanza kuangaliana. Kijana wa setilaiti akauliza kama wanaweza kumtafuta Hope wenyewe, wana akaunti zake. Simu haziruhusiwi shuleni. Nikamtazama Ronnie, Ronnie akasema toeni. Watoto kumi na tisa wakatoa simu wakamwandikia mwenzao. Sikuwahi kuliwaza hilo wiki tatu zote, kwamba wanaweza kunizidi kwa jambo dogo hivyo.

Hakuna aliyejibiwa. Kule ilikuwa bado alfajiri. Nikafundisha mafuriko ya 1856 kwa dakika ishirini zilizobaki.

Ijumaa, 29 Agosti

Saa kumi na mbili asubuhi simu imelia. Égide.

Hakusalimia. Amesema, "Mwalimu, nimeisikia leo. Simu yangu ilianguka uwanja wa ndege, vitre, kioo yake, imepasuka, jana ndiyo nimenunua ingine."

Nikauliza, "Hope?"

"Alisha ingia. Jumatatu. Siku ile ile tulifika."

Nilikaa chini sakafuni.

"Yeye na binamu yake. Mchanga ikavunjika. Binamu akashika mti. Hope alienda chini, akarudi, akaenda tena chini. Kuna baba mmoja jirani, alikuwa anatembeza mbwa, akalala kifua kwa mchanga akamkamata kwa nywele. Kwa nywele, Mwalimu. Alilala hospitali siku mbili, maji ilikuwa kwa mapafu. Sasa ametoka. Anakula."

Nikaanza kusema samahani. Amenikatisha.

"Mama yake anakaa anaangalia tu ukuta. Haniambii kitu. Mimi ndiye nilisema Mwalimu amesema. Sina nguvu ya kukutukana. Nitakutukana nikirudi."

Akakata. Koku alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Amenishika kichwa kama mtoto. Nimelia, na sioni sababu ya kuficha hapa.

Jumatatu, 1 Septemba

Ronnie ameniita kunisomea ripoti. Nimefaulu. Si kufaulu tu, kanisifu! Ameandika kwamba kipindi cha mwisho kilikuwa mfano wa ujasiri wa kufundisha: mwalimu alipanda kosa makusudi mapema katika muhula, akalifunua mwishoni ili wanafunzi wajifunze kuhakiki vyanzo, na akaligeuza kuwa jambo la kweli kwa kumtumia mwenzao aliye safarini. Alidhani ni mbinu! Alidhani Égide nilishapanga naye.

Fomu ilikuwa mezani, kalamu juu yake, panapotakiwa sahihi yangu. Nimeitazama kwa muda mrefu kuliko nitakavyopenda kukumbuka.

Nikasema, "Mwalimu Ronnie, haikuwa mbinu." Nikamweleza yote mpaka nywele.

Akauliza swali moja tu. "Ulijua tarehe tano. Familia yao unakutana nayo kila Jumapili. Kwa nini ulingoja wiki tatu?"

Nimemjibu kwamba nilitaka hii karatasi.

Ameichana bila hasira, akaitupa kwenye pipa. Amesema hajui aandike nini sasa. Ataongea na chuo. Niendelee kuja mpaka muhula uishe.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimefundisha. Nimesahihisha madaftari. Jua limeanza kuwa na nguvu.

Jumamosi, 6 Septemba

Leo kule ndiyo harusi. Nimepanga maboksi kutwa.

Jumapili, 14 Septemba

Wamerudi. Égide alikuwa kanisani peke yake. Nilimfuata nje nikasimama mbele yake nikangoja matusi aliyoniahidi. Ameniangalia, akasema, "Bonjour, Fidelis," akaenda kwenye gari lake. Miaka minne ameniita Mwalimu.

Jumatatu, 15 Septemba

Hope amekuja. Amekonda kidogo, nywele amenyoa zote. Nilimwomba tuzungumze, Ronnie amekaa palepale kwa ombi langu. Nikamwomba radhi kwa Kiswahili, kwa heshima zote, kama ninavyomwomba mtu mzima.

Alinijibu kwa Kiingereza. "Ulisema maji yanafika magotini."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unajua?"

"Hapana."

"Sasa kwa nini ulisema?"

"Niliogopa mtaniona mjinga."

Akafikiri. "Tungekuona mjinga kwa dakika moja hivi," akasema, akabeba begi lake.

Mlangoni akageuka, akamwomba Ronnie, si mimi, dakika kumi za kesho kutwa aongee na darasa.

Jumatano, 17 Septemba

Ronnie amenipa fomu mpya asubuhi, kabla ya kipindi. Amenifaulisha kwa alama ya chini kabisa, na chini yake ameandika yote yaliyotokea, pamoja na tarehe. Kila shule nitakayoomba kazi itaisoma. Nikauliza kwa nini hakungoja nimsikilize Hope kwanza. Akasema ametaka nimsikilize bila kungoja saini. Nimesaini.

Kisha nikaenda nikakaa nyuma, kwenye kiti cha kijana wa setilaiti ambaye alihamia mbele.

Hope alisimama pale ninaposimama mimi. Hakuchora wala hakuwasha kitu. Amesema mto ni mzuri sana, mzuri kuliko picha. Nyumba ya shangazi yake ina mstari ukutani, juu ya kichwa cha mtu mzima, unaoonesha maji yalifika wapi zamani. Mchanga ulikuwa mgumu na wa moto, aliurukarukia kuujaribu, kwa sababu mama yake alimwambia aujaribu. Maji yalikuwa magotini, kama Sir alivyosema. Alilitaja hilo bila kuniangalia. Hatua kama tano hivi yalikuwa magotini. Halafu hapakuwa na kitu chini ya mguu. Amesema alifungua macho na maji yalikuwa ya kijani halafu ya kahawia halafu hakuna rangi, na alichowaza ni kwamba atapanda juu kwa sababu Sir amesema si kina kirefu, kwa hiyo akawa anatafuta chini kwa miguu ili ajisukume. Akatafuta sana.

Akaishia hapo.

Binti mmoja akanyoosha mkono akauliza, "Kina chake kilikuwa kiasi gani?"

"Sijui," Hope akasema. "Sikufika chini."

Akauliza kama kuna swali lingine.